Ugoko Unawaka Ukikimbia: Anza na Kidole Kimoja

Malalamiko huanza wiki ya tatu. Wiki ya kwanza ya mazoezi watu hulia mapaja, wiki ya pili vigimbi, na hapo bado wanataniana. Ya tatu ndiyo anakuja mmoja pembeni, kainama, kashika mguu chini ya goti: "Shikamoo mwalimu. Huu ugoko unawaka." Kesho yake wanakuja wawili.

Nasimamia michezo shuleni hapa Mtwara, na jioni hukimbia na kikundi cha joging cha watu wazima tunaoanzia Shangani. Haya ni matatizo ninayoyaona yakirudi kila msimu. Nimeyapanga kwa namna mtu anavyolalamika, maana hakuna anayekuja akitaja jina la ugonjwa; anakuja akionyesha anapoumwa. Mimi si daktari. Ni mwalimu aliyewahi kujiumiza kwa ubishi, na hilo nitalisema mbele.

Kipimo cha kidole

Kaa kwenye kiti au mkekani, kunja goti, legeza mguu. Tafuta ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, pale nyama ya kigimbi inapokutana na mfupa. Anzia juu kidogo ya kifundo, bonyeza kwa kidole gumba, panda taratibu hadi karibu na goti. Bonyeza kama anayejaribu embe kama limeiva, si kama anayekanda unga.

Utapata jibu moja kati ya mawili. Ama maumivu yameenea, unapanda sentimita 5 au zaidi na bado yapo, na ukiulizwa yako wapi unayafunika kwa kiganja. Ama yapo mahali pamoja padogo, panapofunikwa na ncha ya kidole, na ukipabonyeza unaruka. Karibu kila kitu kinachofuata kinategemea jibu hilo, kwa hiyo usilipite ukakimbilia barafu. Pima miguu yote miwili, hata usiouma, ili ujue kawaida yako ikoje.

Haya hayasubiri

Nayaweka mbele kwa sababu mwenye maumivu hasomi mpaka mwisho.

Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto, kinauma hata ukiwa umekaa. Shuku zaidi kama umetoka kusafiri kutwa kwa basi la Dar es Salaam, umelazwa, umefanyiwa upasuaji, una mimba au umejifungua karibuni. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Usichue, usikande, usimwite bibi wa mafuta. Bonge hilo likichomoka huenda kwenye mapafu. Ukiona na kifua kinabana au pumzi inakata, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Umepigwa teke au umeanguka na pikipiki, na saa chache baadaye mguu umekaza kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi. Maumivu ni makubwa kuliko jeraha linavyoonekana, mtu akikunyoosha vidole vya mguu unapiga kelele, na ganzi inaanza kuingia. Uvimbe unabana misuli ndani ya utando wake mpaka damu haipiti, na misuli hufa kwa saa, si kwa siku. Fungua bandeji au chochote kinachobana, nenda Ligula, au Sokoine kama uko Lindi, au hospitali yoyote ya karibu yenye chumba cha upasuaji.

Mtoto ana homa, anaumwa mfupa wa mguu, anakataa kukanyaga. Hiyo si habari ya mazoezi. Vijidudu vinaweza kuwa vimeingia kwenye mfupa. Inaweza pia kuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, na wapo wanaofika darasani bila kupimwa. Nimewahi kumsikia mtu mzima akimfokea mtoto wa namna hiyo kwamba anakwepa mchakamchaka. Mguso wa kiganja kwenye paji la uso ungetosha kumnyamazisha.

Na mwisho, maumivu yanayokuamsha usiku hata kama hujakimbia wiki nzima, au uvimbe mgumu unaokua juu ya mfupa. Hapo usijaribu chochote cha nyumbani. Nenda ukapimwe.

"Inauma upande wa ndani, eneo refu, nikipata moto inapoa"

Hii ndiyo yenyewe, na ndiyo wengi wanayoijia. Maumivu hukaa theluthi ya chini ya mguu, ukingo wa ndani wa mfupa, mara nyingi miguu yote miwili. Ukianza kukimbia yapo, mwili ukipata moto yanafifia, ukishapoa yanarudi. Likiendelea, yanakaa mazoezi mazima. Likiendelea zaidi, unayasikia unapotembea kwenda sokoni.

Mfupa ni kitu hai. Kila unapokanyaga unapinda kidogo sana, na misuli ya kigimbi inavuta utando unaoufunika. Mzigo ukiongezeka, mwili hubomoa kwanza sehemu iliyochoka kisha hujenga mpya, na ujenzi ni wa polepole kuliko ubomoaji. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo mfupa wako ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ulipoanza. Wiki hizo ndizo mtu anazojisikia vizuri pumzi, anaamua kuongeza kasi. Pumzi imewahi, mfupa bado.

Visababishi, kwa mpangilio ninaokutana nao:

Haraka. Swali langu la kwanza ni lile lile siku zote: mwezi huu umefanya nini ambacho mwezi uliopita hukukifanya? Huku kwetu majibu yana msimu wake. Kuna wanaoingia mashambani kuokota korosho kuanzia Oktoba, wanakaa miezi miwili mitatu bila kugusa mpira, Januari wanarudi na bonanza siku ya kwanza. Ukiwaambia kuokota korosho si mazoezi wanachukia, na wana haki, mgongo unauma kweli. Lakini kuinama hakuufundishi ugoko kukimbia. Kuna wanafunzi wanaoitwa kambi ya UMITASHUMTA au UMISSETA, aliyekuwa anacheza mara mbili kwa wiki anafanya mazoezi asubuhi na jioni kila siku. Kuna kijana anayesubiri kwenda JKT ameambiwa ajiandae, anajiandaa kwa wiki mbili. Na kuna mtu mzima aliyejiandikisha kilomita 10 kwa sababu ofisi nzima imejiandikisha. Jipime kwa karatasi: andika wiki 4 zilizopita, siku ulizokimbia na dakika zake. Ukiona namba imeruka, umeshapata mchawi wako.

Njia. Hapa watu wa pwani tuna tatizo letu. Bahari ikitoka, hasa siku za bamvua, mchanga wa Shangani unakuwa mpana, mbichi, mgumu, unavutia kukimbia. Lakini umeinama kuelekea baharini. Mguu wa upande wa maji unakanyaga chini kuliko mwenzake. Ungeenda na kurudi hapo hapo, miguu ingepokezana. Wengi wetu tunaenda kwa ufukweni, tunarudi kwa barabara. Kama ugoko mmoja tu ndio unauma, hebu jiulize huwa unaelekea upande gani. Barabara nazo zimeinama pembeni ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo anayekimbia ukingo ule ule kila siku ana tatizo lile lile. Mchanga mkavu unaozama ni habari nyingine: unachosha kigimbi mara mbili. Na wasichana wa mpira wa pete wanaohamishwa kutoka kiwanja cha udongo kwenda cha saruji wiki moja kabla ya mashindano, magoko yao huanza siku ya tatu.

Viatu. Raba za mtumba zinadanganya. Juu inang'aa, soli imeshakufa, kwa sababu kabla hujainunua mtu mwingine aliikimbilia. Raba ya kukimbilia huchoka baina ya kilomita 500 na 800. Kwa anayekimbia 20 kwa wiki ni kama miezi 6 hadi 9, na ya mtumba hujui ilifika na ngapi. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikiegemea ndani kama mlevi, iache pale pale. Bonyeza soli kwa kidole gumba kwa ndani, ikiwa ngumu kama ubao au inaingia bila kurudi, iache pia. Viatu vyeusi vya shule kwenye mchakamchaka sina la kuvitetea. Njumu kwenye kiwanja kilichokauka mwezi wa Septemba ni sawa na kukimbia juu ya misumari. Pekupeku si dhambi kwa aliyezoea. Matatizo huja anapobadilisha ghafla, toka pekupeku kwenda raba au toka raba kwenda pekupeku.

Vigimbi dhaifu. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, shika ukuta kwa kidole tu, panda kwa ncha ya mguu na kushuka taratibu. Hesabu. Anayekimbia anapaswa kufika 20 hadi 25 kwa kila mguu. Ukiishia 12, au mguu mmoja 20 na mwingine 11, misuli haibebi sehemu yake na mfupa unalipa deni.

Unyayo bapa huchangia. Lowesha mguu, kanyaga sakafu ya saruji. Alama ikiwa nzima bila kijibonde cha ndani, una unyayo bapa. Soli ya ndani yenye kilima kidogo inaweza kusaidia. Usiuze baiskeli kwa ajili yake.

Chakula, usingizi na hedhi. Hili nalisema kwa wasichana hasa, na kwa walimu wa kiume wenzangu wanaoona haya kuliuliza. Msichana anayefanya mazoezi makali, anakula kidogo, na hedhi imekata miezi 3, mifupa yake iko hatarini. Mpeleke kituo cha afya na umwongezee chakula, tena kabla ya kumnunulia viatu. Kambi zetu nyingi zinaishi kwa ugali na maharage. Ongezeni dagaa wanaoliwa na mifupa yao, korosho zipo, kunde zipo, ming'oko (viazi pori) ya msimu inashibisha.

Namna ya kutibu hii ya kiganja

Acha kukimbia na kuruka kwa wiki 1 hadi 2. Sikusema ulale. Kutembea kusikouma kunaruhusiwa, baiskeli inaruhusiwa, kuogelea kunaruhusiwa. Kwa wanaojua maji, kukimbia ndani ya bahari yenye kina cha kifua pale yanapokuwa katikati, hayajajaa wala kupwa, ni mazoezi mazuri ya pumzi ambayo mguu haubebi uzito wake wote. Usiende peke yako.

Barafu dakika 15, imefungwa kwenye kitambaa au kipande cha khanga, mara 2 au 3 kwa siku. Asiye na friji akachukue Feri kwa wauza samaki. Inapunguza maumivu, na kazi yake inaishia hapo. Mfupa hauponi kwa baridi.

Kuhusu dawa nina ubishi na nusu ya kikundi changu. Parasetamoli kwa siku mbili tatu ili ulale, sawa. Lakini kumeza ibuprofeni au diklofenaki ili ukimbie ni kung'oa taa ya onyo kwenye gari na kuendelea na safari. Dawa hizo zina madhara kwa tumbo na figo, na ukizimeza huku umekauka maji kwenye jua la Februari unaongeza hatari. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye tatizo la figo na mjamzito wasizitumie bila daktari.

Kukanda: kigimbi, ndiyo, taratibu, kwa mafuta yoyote uliyonayo. Juu ya mfupa wenyewe, hapana. Nimeona watu wametoka kwa mkandaji na michubuko mibaya kuliko walichoendea. Chale sizungumzii.

Maumivu ya kutembea yakishaisha, anza kujenga. Siku moja ndiyo, siku moja hapana: panda kwa ncha za miguu goti likiwa limenyooka, mizunguko 3 ya 15, kisha goti likiwa limekunjwa kidogo, 3 ya 15. Lile la goti lililokunjwa watu huliruka kwa sababu linaonekana la ajabu, na ndilo linalofikia misuli ya ndani inayovuta pale panapouma. Anza kwa miguu miwili, ikiwa rahisi hamia mmoja. Halafu egemea ukuta, visigino mbele kidogo, nyanyua vidole juu mara 15 hadi 20. Wiki 4 mpaka 6 ndipo unaona tofauti. Aliyekimbia na maumivu miezi mitatu asitegemee kupona kwa wiki mbili.

"Inauma mbele upande wa nje, hasa nikishuka mlima"

Hiyo siyo ile ya juu. Ukibonyeza, unaoumwa ni msuli ulio pembeni ya mfupa kwa nje, ule unaonyanyua unyayo. Wanaoshuka vilima vya Mikindani wanaijua, na wa Lindi wanaotoka Mtanda kuelekea baharini. Anayeanza kutembea kwa kasi, na mwenye mwili mkubwa anayeanza mazoezi, pia humpata.

Sababu kubwa ni hatua ndefu: mguu unatua mbali mbele, kisigino kinapiga, msuli unafanya kazi ya breki kila hatua. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 160 kwa dakika, jaribu kufika 168 hadi 176 kwa mwendo ule ule. Hatua fupi fupi, kama unapita kwenye tope la Machi hutaki kuchafuka. Utajisikia mjinga siku tatu, kisha mwili unazoea. Kagua na kamba za viatu. Zikikaza sana mbele ya kifundo zinasugua kano. Punguza miteremko wiki 2, fanya lile zoezi la ukutani. Hii hupona haraka kuliko ya ndani, sina zaidi ya kusema.

"Ni hapa tu, padogo, ukigusa nakufa"

Sasa ni kidole. Chukulia kwamba mfupa umeota ufa mpaka mtaalamu akuambie sivyo.

Ufa huo haulii "ka!" kama mfupa uliovunjika. Ni mstari mwembamba unaotokana na mzigo uliorudiwa rudiwa. Ishara zake: maumivu hayapoi ukipata moto, yanazidi. Yanabaki baada ya kukimbia, yanakuja hata umepumzika au usiku. Ukiruka kwa mguu huo mmoja yanapiga pale pale. Kama kidole kimeshakuonyesha, huna haja ya kujirusha ili kuhakikisha.

Langu lilianza hivyo. Nilikuwa najiandaa na kilomita 21, zimebaki wiki mbili, mahali padogo upande wa ndani wa ugoko wa kushoto pakaanza kuuma. Nilijua kipimo cha kidole, nilikuwa nawafanyia wanafunzi. Kwangu nikasema ni uchovu. Kwenye duka moja la dawa nikapewa diklofenaki bila swali hata moja, nikameza, nikakimbia. Kilomita ya 14 mguu ulikataa kukanyaga, nikamalizia kwenye bodaboda na namba kifuani, watu wananipigia makofi wakidhani natania. Eksirei ya siku ile haikuonyesha kitu, nikafurahi. Daktari hakufurahi. Alinieleza kwamba ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani wiki 2 au 3 za mwanzo, mpaka mfupa uanze kujiziba. Wiki tatu baadaye picha ya pili ilikuwa na alama nyeupe pale pale kidole kilipokuwa kimesema. Nilikaa wiki 10 bila kukimbia.

Kwa hiyo: acha kukimbia leo, si baada ya mashindano. Kama kutembea kunauma, tumia magongo. Nenda hospitali, mweleze daktari mazoezi yako, mwonyeshe kwa kidole. Eksirei ikiwa safi na maumivu yapo, usichukulie kama cheti cha ruhusa. Uliza kuhusu kurudia picha, au kama unahitaji kipimo cha MRI, ambacho huona mapema zaidi. Ufa wa upande wa ndani kwa kawaida unahitaji wiki 6 hadi 8 au zaidi bila kukimbia. Ufa wa mbele kabisa, katikati ya ugoko, pale unapojigonga kwenye stuli, ni mkorofi: hupona kwa shida, unaweza kukatika kabisa, na wengine hufanyiwa upasuaji. Huo usiutibu kwa ushauri wa mwalimu wa michezo.

"Mguu unakaza kama utapasuka, nikisimama unaisha"

Anayelalamika hivi huwa ana saa kichwani. "Dakika ya 12, mwalimu, kila siku." Mguu unajaa, unabana, wengine unyayo unaingia ganzi au unaburuta. Akisimama, baada ya dakika 10, 20, hivi, hakuna kitu, na ukimbonyeza asubuhi haoni maumivu. Ndiyo maana huambiwa anajifanya.

Angalia kwanza vitu vya bei rahisi: soksi zenye mpira unaobana, kinga ya ugoko iliyofungwa kwa nguvu, kamba za viatu. Kisha fupisha hatua kama nilivyoeleza. Kama hakuna mabadiliko kwa wiki kadhaa, huenda ni misuli inayovimba wakati wa mazoezi ndani ya utando usiotanuka. Hakuna kuchua kunakoondoa hilo. Wapo pia ambao mshipa wa damu nyuma ya goti hubanwa, na hao unyayo huwa baridi au mweupe wakikimbia. Wote hawa ni wa daktari wa mifupa. Ganzi au kuburuta kwa unyayo kusipoisha baada ya kupumzika, rudi juu kwenye yale yasiyosubiri.

"Nilipumzika mwezi mzima, nimerudi, nayo imerudi"

Hili ndilo linalowakatisha tamaa watu, na kosa huwa ni moja: alipumzika tu. Mfupa ulitulia, kigimbi kikazidi kulegea, kisha akarudi kwenye umbali ule ule uliomuumiza.

Usianze kukimbia mpaka vitu vitatu vitimie: unatembea dakika 30 hadi 45 bila maumivu siku kadhaa mfululizo; ukibonyeza ukingo wa mfupa hakuna kitu; unaruka kwa mguu mmoja mara 10 bila kukunja uso. (Aliyekuwa na ufa asubiri kwanza ruhusa ya daktari.) Kisha:

Wiki ya 1, kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Wiki ya 2, kimbia 2, tembea 2, mara 6. Wiki ya 3, kimbia 3, tembea 1, mara 6. Wiki ya 4, kimbia 5, tembea 1, mara 4. Wiki ya 5, dakika 20 mfululizo.

Mara tatu kwa wiki, kamwe si siku mbili zinazofuatana, kwenye udongo uliosawazika kama kiwanja cha shule kuliko lami. Ukimaliza wiki ya 5 ongeza dakika kwanza. Kasi baadaye. Milima na mchanga mwisho kabisa. Wanaofunga Ramadhani wafanye baada ya futari na maji ya kutosha, au warudie wiki waliyopo mpaka mwezi uishe, hakuna anayewafukuza.

Yape maumivu alama toka 0 hadi 10. Alama 1 au 2 ambayo asubuhi haipo, endelea. Ikifika 3, au asubuhi bado ipo unaposhuka kitandani, pumzika siku 2 au 3 na urudi wiki moja nyuma. Mazoezi ya vigimbi yanaendelea muda wote huo. Hayakomi siku maumivu yalipokoma.

Ukirudishwa nyuma mara mbili mahali pale pale, acha kujaribu mwenyewe. Omba rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, na uende na raba zako na ile karatasi ya dakika na siku. Atakuuliza umekimbia kiasi gani, na "kidogo tu" halitamsaidia.